Moshi Unaorudishwa Injinini

Fundi afunguapo njia ya kuingizia hewa katika injini ya dizeli ya siku hizi, mara nyingi huikuta imejaa masizi mazito. Mwenye gari hustaajabu: imekuwaje moshi uliokwisha kutumika ufike mahali pa kupitia hewa safi? Hilo si kosa la waliounda injini, wamelikusudia.

Hewa ina takriban asilimia 78 ya naitrojeni na asilimia 21 ya oksijeni. Kwa kawaida gesi hizi hukaa pamoja bila kuungana, kwa kuwa atomi mbili za molekuli ya naitrojeni zimefungamana kwa nguvu kubwa mno. Lakini ndani ya silinda, pistoni huishindilia hewa hata ikawa na joto la kuweza kuwasha mafuta bila cheche. Penye mwali, joto huweza kupita nyuzi 2000 za Selsiasi, na hapo kifungo kile hukatika. Huzaliwa oksidi za naitrojeni, ambazo hudhuru mapafu. Na zikipigwa na jua pamoja na mvuke wa mafuta, huzaa ozoni karibu na ardhi.

Dawa yake ni kupunguza ukali wa mwali. Valvu huruhusu sehemu ya moshi, ambayo aghalabu hupozwa kwanza, ichanganyike na hewa inayoingia. Moshi huo una oksijeni kidogo, na kaboni dioksidi na mvuke wa maji uliomo hufyonza joto. (Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi mshumaa katika chupa iliyojazwa pumzi: huzimika upesi kuliko katika chupa ya hewa safi.)

Hata hivyo, oksijeni ikipungua, mafuta hayateketei yote na masizi huzidi. Ndiyo maana gari lenye shehena lipandapo mlima, valvu hujifunga. Masizi hayo, yakikutana na mvuke wa oili, hugandamana hata valvu ikakwama. Hapo baadhi ya mafundi huziba njia kwa kipande cha bati. Gari huchangamka, moshi mweusi hupungua, na mteja huenda zake ameridhika. Lakini oksidi ya naitriki haina rangi: bomba laonekana safi, ilhali sumu itokayo humo imezidi ile ya jana.