Wakisema Yuko Jangwani, Usitoke

Somo: Mathayo 24:4-5, 23-27, Matendo 5:34-39, 21:38



Kristo ni sawa na Masihi, yaani Mpakwa Mafuta. Basi kristo wa uongo si lazima aseme, "Mimi ndiye Yesu." Ni yeyote anayekalia kiti cha Yesu: neno lake halipimwi, na unaambiwa bila yeye hutaokoka.

Biblia inatupa mifano ya watu waliojiinua wakavuta wengine. Theuda alijiona mtu mkuu, wanaume kama 400 wakashikamana naye. Alipouawa, wote wakatawanyika. Yuda Mgalilaya aliinuka siku za kuhesabiwa watu, naye akapotea. Tena kuna Mmisri aliyeongoza watu 4,000 kwenda jangwani. Kwa nini jangwani? Huko hakuna mzazi, jirani wala mchungaji mwingine wa kuuliza swali. Ndiyo maana Yesu alituonya tusitoke kwenda huko.

Sisi Wakenya tunalielewa onyo hili kwa machozi. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilianza kufukuliwa miili ambayo ilizidi 400, wakiwemo watoto. Watu walifunga hadi kufa wakiamini watakutana na Yesu. Tusiwacheke. Walikuwa na kiu ya Mungu kama wewe na mimi.

Basi tupime hivi:

1. Anatuelekeza kwa nani? Kumbukumbu la Torati 13:1-3 inasema hata ishara ikitimia, ukivutwa kwa mungu mwingine, usifuate. Muujiza peke yake si cheti.

2. Anakubali kuulizwa? Watu wa Beroya walichunguza hata mahubiri ya Paulo (Matendo 17:11). Na haya tunayohubiri hapa kwetu, yachunguze pia.

3. Nani anakufa kwa ajili ya nani? Mchungaji Mwema hutoa uhai wake kwa ajili ya kondoo (Yohana 10:11). Akija mwingine anayetaka kondoo wafe, wauze shamba, watoe watoto shule, huyo si wake.

Mpendwa, Yesu atarudi kama umeme, mashariki hadi magharibi. Hutahitaji mtu wa kukuonyesha njia ya msituni.

Wiki hii, kama kuna ndugu aliyejitenga na jamaa zake kwa sababu ya "mtumishi" fulani, usimhukumu. Mpigie simu. Mtembelee. Omba naye.

Amina.