Mtoto Anayekojoa Kitandani

Mtoto wa miaka 7 anayekojoa kitandani hafanyi makusudi. Kibofu kimejaa naye hakuamka. Fimbo haitamponya, na kumwaibisha mbele ya wenzake humzidishia woga.

Wapo waliokwisha kuacha, kisha wakaanza tena: amezaliwa mdogo wake, amefiwa, au amehama kwao. Sisi wa Kasulu na Kibondo, tuliopokea wakimbizi wa Burundi mwaka 1993 na tena 2015, tunajua jinsi hofu inavyomfuata mtoto hadi usingizini.

Asubuhi mwambie kwa sauti ya kawaida, “Njoo mwanangu, tutoe shuka.” Basi, yaishe hapo. Jioni baba au mama akae naye kidogo, hata kama mtoto hasemi neno. (Baba tumemtaja kusudi, maana kazi hii huachiwa mama.) Apelekwe chooni kabla ya kulala. Mchana anywe maji ya kutosha. Yapunguzwe ya usiku tu. Chini ya shuka tandikeni nailoni.

Lakini akianza ghafla huku anakunywa maji mengi mno na kukonda, au anaumia anapokojoa, msingoje. Mpelekeni kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo apimwe mkojo na sukari.