Mfuko wa nyongo unapovimba bila vijiwe

Anayelinda mgonjwa mahututi hapa Kisangani, iwe Hospitali Kuu ya Makiso au kwenye Kliniki za Chuo Kikuu, hutazama homa, serumu na pumzi. Mfuko wa nyongo, uliojificha chini ya ini upande wa kulia, haumjii akilini.

Wengi tunajua kwamba mfuko huo huumwa kwa sababu ya vijiwe. Mara nyingi ni kweli. Lakini kwa mtu aliyelala siku nyingi bila kula, unaweza kuvimba pasipo kijiwe hata kimoja. Tukila, hasa chakula chenye mafuta, mfuko hujikamua na kumwaga nyongo kwenye utumbo. Usipojikamua, nyongo hutuama, huwa nzito na kuchubua ukuta. Juu ya hayo, presha ikishuka kwa maambukizi ya damu, ajali au kuungua moto, mwili huwahi kulinda moyo na ubongo, na mfuko hunyimwa damu. Ukuta wake unaweza kuoza, kisha kutoboka. Ndiyo maana kwa watu wazima walio mahututi ugonjwa huu unaweza kuua 3 kati ya 10, au zaidi.

Kwa watoto wetu, tifoidi na malaria kali nazo zaweza kuuleta. Afadhali hao: wengi hupona kwa dawa za ugonjwa wenyewe bila kupasuliwa, mradi wafuatiliwe.

Asiye na fahamu hawezi kusema anaumwa wapi, kwa hiyo mlinzi wake ndiye mwenye habari. Homa iliyokuwa imeshuka inapanda tena? Tumbo linajaa, macho yanakuwa manjano? Usingoje daktari apite. Mwambie muuguzi ulichokiona, hivyo hivyo: “Mama, tangu jana akiguswa hapa chini ya mbavu za kuume anakunja uso na kusukuma mkono.” Maneno hayo yana uzito kuliko “hali si nzuri.”

Daktari ataomba ekografi. Ukuta uliozidi milimita 3, maji kuuzunguka na mfuko uliotanuka huleta shaka, ingawa malaria na upungufu wa protini pia hunenepesha ukuta. Picha peke yake haitoshi. Matibabu ni antibiotiki za mshipani na kurudisha presha. Ikibidi, mfuko huondolewa, au mgonjwa dhaifu mno huwekewa mrija wa kutoa nyongo kupitia ngozi.

Kila siku uliza kama anaweza kulishwa, japo kidogo, kwa mdomo au kwa sondi, yaani mrija wa puani. Asiyejitambua usimnyweshe uji kwa nguvu, utaingia mapafuni. Wala mwenye tifoidi usimpige bomba la dawa za miti kwa nyuma: utumbo wa tifoidi hutoboka kirahisi.

Mwenye mtoto wa tifoidi nyumbani, ng'ambo ya mto huko Lubunga, avuke naye mara tumbo linapoanza kuuma zaidi. Likishakuwa gumu kama ubao, mtoto anahitaji mpasuaji saa hiyo hiyo, na usiku mtumbwi si wa kutegemea.