ULIMI NAO NI DAWA

Mama mmoja ametembea saa mbili tangu alfajiri, mtoto mwenye homa mgongoni, mpaka zahanati. Neno la kwanza analopokewa nalo ni hili: “Mbona kadi chafu hivi? Ulikuwa wapi siku zote?” Watu wote walioketi kwenye benchi wageuka kumtazama. Mtoto apewa dawa, naye apona. Lakini mama arudi nyumbani na jeraha lisiloandikwa katika kadi.

Labda mtu atasema hilo ni jambo dogo. Sivyo. Mama yule akishika mimba tena atalikumbuka benchi lile, na huenda akachagua kujifungulia nyumbani. Damu inayotoka kwa wingi baada ya kuzaa yaweza kumwua mama kwa saa chache tu, na sindano ya kuizuia haimo nyumbani mwake. Vivyo hivyo mgonjwa wa kifua kikuu: dawa zake kwa kawaida humezwa miezi 6 bila kukatiza. Akifokewa, akaziacha katikati, ugonjwa humrudia, na vijidudu vyake vyaweza kuwa sugu. Basi neno kali laweza kumnyima mgonjwa dawa zilizojaa kabatini.

Mwaka 1978, katika mkutano wa Alma-Ata, mataifa yalikubaliana kwamba huduma ya kwanza ya afya isogezwe karibu na mahali watu wanapoishi na kufanya kazi. Nchini Tanzania zahanati ndiyo mlango wa kwanza, kisha kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya. Lakini nyumba ya dawa kuwa karibu si sawa na moyo kuwa karibu.

Haki yatudai tutazame na upande wa pili. Mara nyingi mwuguzi wa kijijini hufanya kazi ya watu wengi: apima watoto, achoma sindano, aandika vitabu, na usiku aamshwa kuzalisha. Dawa zikichelewa kufika, yeye ndiye anayelaumiwa. Uchovu wake ni wa kweli. Hata hivyo, uchovu huueleza ukali, hauuhalalishi. Kwani aliye dhaifu kuliko wote mahali pale ni mgonjwa.

Na asikate tamaa anayejijua kuwa mkali. Mtakatifu Kamili wa Lellis, aliyezaliwa Italia mwaka 1550, alikuwa askari na mcheza kamari. Alipopata kazi katika hospitali moja ya Roma, alifukuzwa kwa sababu ya ugomvi wake. Baada ya kuongoka mwaka 1575 aliwarudia wagonjwa, akaanzisha shirika la kuwahudumia, ingawa yeye mwenyewe alikuwa na kidonda cha mguu kisichopona. Mwaka 1886 Papa Leo XIII alimtangaza kuwa msimamizi wa wagonjwa. Tabia, basi, yaweza kugeuzwa kwa neema na kwa bidii.

Tukumbuke pia Msamaria katika Injili ya Luka, sura ya 10. Hakumwuliza kwanza yule majeruhi kwa nini alipita njia ya hatari peke yake. Alisogea, akamfunga majeraha. Mafundisho yana wakati wake. Kwanza mtu apokewe.

Nasi wazazi tunayo sehemu yetu. Tumsalimu mwuguzi kama jirani, tusimtukane kwa dawa ambazo hakuletewa. Kamati ya zahanati ikutanapo, tuseme makosa kwa jina la haki, si kwa chuki. Na nyumba ya mwuguzi ikivuja, tuione kuwa shida ya kijiji kizima. Tena tuwafundishe watoto wetu nyumbani kusema kwa upole na mgonjwa na mzee, kwa maana mwuguzi wa kesho yumo leo mezani petu, naye asikia jinsi tunavyosema na walio wanyonge.