Somo: Nani Alifanya Kazi Gani Kwenye Machimbo?



Mara nyingi tunapokusanya taarifa za kaya kabla ya kuandika mradi, tunajaza "mume: mchimbaji, mke: mama wa nyumbani", kisha tunafunga daftari. Katika somo hili tunaangalia koloni moja la zamani la dhahabu, Victoria huko Australia, ili tuone kwa nini maneno hayo machache hayatoshi.

Dhahabu yavuta watu

Victoria ilitenganishwa na New South Wales na kuwa koloni la pekee la Uingereza mwezi Julai 1851. Mwaka huohuo dhahabu ilipatikana Clunes, Ballarat na Bendigo. Wakati ule koloni lilikuwa na watu takriban 77,000. Miaka kumi baadaye walizidi 500,000. Makarani, polisi na wachunga kondoo waliacha kazi zao. Mabaharia nao walitoroka, meli zikabaki zimetia nanga karibu na Melbourne bila watu wa kuziendesha. Sensa ya 1857 ilionyesha kuwa karibu theluthi mbili ya wakazi walikuwa wanaume.

Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Wathaurung wa eneo la Ballarat walipoteza maeneo yao ya kuwinda na vyanzo vya maji. Hata hivyo nao walifanya kazi: waliongoza wageni njiani, na waliwauzia wachimbaji mavazi ya ngozi yaliyowakinga na baridi.

Kazi za wanaume

Mchimbaji alianza na sululu, koleo na karai. Wanaume waliungana katika vikundi vidogo: mmoja anachimba shimoni, mwingine anavuta ndoo kwa kamba, mwingine anapeleka udongo mtoni kuoshwa. Kila mchimbaji alilipa leseni ya shilingi 30 kwa mwezi, apate dhahabu asipate. Manung'uniko hayo yalichangia mapambano ya Eureka, Ballarat, tarehe 3 Desemba 1854, ambapo watu zaidi ya 20 waliuawa. Mwaka 1855 leseni hiyo ilifutwa, ikaja hati ya mchimbaji ya pauni moja kwa mwaka, iliyompa mwanaume pia haki ya kupiga kura.

Wengine hawakushika sululu. Walikuwa waendesha mikokoteni ya ng'ombe, wahunzi, maseremala, wachinjaji, waoka mikate na wenye maduka. Mchimbaji aliweza kukosa dhahabu wiki nzima, lakini hakuweza kukosa mkate. Wachina, waliotozwa kodi ya kuingia ya pauni 10 kuanzia 1855, walichimba, walifungua maduka na kulima bustani za mboga.

Dhahabu ya juu ilipopungua, kampuni zenye mitambo ya mvuke zilishika nafasi. Wanaume wengi waliokuja kujitafutia wakawa vibarua wa kulipwa ujira.

Kazi za wanawake

Wanawake walifua na kushona nguo, walipika, walizalisha wenzao, walifundisha watoto, na waliendesha nyumba za kulala wageni. Wapo waliosaidia kuosha udongo wa dhahabu. Wapo pia waliouza pombe kwa siri wakati uuzaji wake machimboni ulipokatazwa.

Martha Clendinning, mke wa daktari, alifungua duka katika hema huko Ballarat pamoja na dada yake. Clara Seekamp alishika uhariri wa gazeti la Ballarat Times mwanzoni mwa 1855, mumewe alipofungwa kwa kosa la uchochezi. Caroline Chisholm alisimamia ujenzi wa vibanda vya mapumziko njiani kuelekea machimbo, ili familia zinazosafiri kwa miguu zipate pa kulala.

Mume alipohamia machimbo mapya bila kurudi, mke aliyebaki na watoto aliishi kwa kufua na kushona. Kwake kazi hizo hazikuwa nyongeza ya kipato, ndizo zilizokuwa kipato chenyewe.

Kazi isiyoandikwa

Pamoja na jasho hilo lote, kwa kawaida sheria iliyahesabu mapato ya mke kuwa mali ya mumewe, hadi sheria ya 1870 ilipoanza kubadilisha hali hiyo. Katika sensa ya 1891 watu waligawanywa katika makundi mawili, wenye kipato na wategemezi. Mwanamke aliyefanya kazi za nyumbani bila ujira aliwekwa upande wa wategemezi. Kazi yake ilikuwa ileile, bali kwenye karatasi haikuonekana.

Tunajifunza nini?

Kwanza, dhahabu huisha mapema kuliko mahitaji ya watu. Mhunzi, mwoka mikate na mkulima wa mboga walihitajika hata shimo lilipokauka. Pili, anayesahauliwa kwenye orodha husahauliwa pia kwenye mgao. Mradi unaowalenga "wachimbaji" peke yao utamwacha nje mama lishe anayewalisha. Tatu, tusiulize tu "unafanya kazi gani?" Tuulize pia: jana ulifanya nini tangu alfajiri hadi kulala, na fedha iliyopatikana ilishikwa na nani?

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Orodhesheni kazi zote zinazotegemea chanzo kimoja cha mapato katika eneo lenu. Kikikauka, zipi zitabaki?
2. Ni kazi gani za wanawake ambazo hazimo katika taarifa zetu za kaya?
3. Katika mradi wetu wa sasa, nani anafanya kazi na nani anashika fedha?
4. Wafadhili wetu wakisoma taarifa tunazowapelekea, watamwona nani, na nani hawatamwona?

Tunashauri kila kamati ichukue daftari lake la kaya na kulipitia upya, ukurasa kwa ukurasa, kabla ya kuandika ombi jingine.