Choo cha Kale Kando ya Kanisa

Msafiri apitaye vijiji vya Karatu, chini ya milima ya Ngorongoro, huenda akaona nyuma ya kanisa la zamani kibanda kidogo kilichoinama, chenye mlango usio na bawaba. Vijana hukicheka. Lakini sisi twaona kina mafunzo makubwa.

Kwanza, kwa nini kilijengwa hapo? Siku ya Jumapili watu wengi hukutana mahali pamoja kwa saa nyingi. Pasipo choo, watakwenda vichakani. Na mvua ikinyesha, uchafu hutelemka mpaka vijitoni na visimani. Misitu ya Ngorongoro hulisha chemchemi zetu. Uchafu twautia sisi wenyewe.

Pili, choo hulinda macho. Uko ugonjwa uitwao trakoma, ambao usipotibiwa hugeuza kope ndani, zikakwaruza jicho mpaka mtu awe kipofu. Huenezwa kwa mikono, kwa nguo na kwa inzi. Inzi yule apendaye nyuso za watoto hutaga mayai katika kinyesi cha watu kilichoachwa juu ya ardhi. Katika shimo la choo hazaani. Basi shimo lile lililochekwa lilikuwa kinga ya macho ya watoto.

Tatu, kazi hii haihitaji mali nyingi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao 2,000,000 nchini Tanzania walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma na kujadiliana. Kisha wengi walichimba vyoo kwa majembe yao wenyewe.

Sasa tufanyeje na choo cha kale? Kikibakiza nusu mita kujaa, kisitumiwe tena. Shimo lifukiwe kwa udongo. Jipya lichimbwe upande wa chini wa kisima, mbali nacho mita 30 au zaidi, lifunikwe vizuri, na maji ya kunawa yawekwe karibu. Kibanda cha zamani, kama kingali imara, na kihifadhiwe, watoto wapate kuuliza habari zake.

Enyi wazee na walimu, watu hufuata waonayo kuliko waambiwayo. Mwalimu na awaulize wanafunzi wake: Je, mahali tukutanapo sisi pana choo? Tena, kisima kiko upande gani? Wakishajibu, na waende wakapime kwa hatua.