MAKATO YA CHAMA NA BEI YA KAHAWA YAKO

Ndugu mkulima, ukipeleka kahawa yako ya maganda katika chama cha msingi utaona kuwa fedha kidogo hukatwa katika kila kilo. Wako wanaosema makato hayo ni hasara tupu. Sivyo. Ni lazima kahawa ikobolewe, ichambuliwe, itiwe katika magunia na kupelekwa mnadani. Magunia mawili ya mtu mmoja wa Kamachumu hayamvuti mnunuzi wa ng'ambo. Magunia ya vijiji vingi humvuta, na gharama hugawanyika. Kwa ajili hiyo wakulima wa Bukoba waliunda chama kikuu chao, BNCU, mwaka 1950. Mrithi wake ni KCU (1990).

Tangu miaka ya 1990 KCU imeuza sehemu ya kahawa yake katika soko la Fairtrade, yaani biashara ya haki. Kwa kanuni ya mwaka 2011, mnunuzi huongeza juu ya bei senti 20 za dola kwa kila ratili ya kahawa safi. Nyongeza hiyo hutumiwa kama wanachama wanavyoamua. KCU imepata kuitumia kununua hisa za TANICA, kiwanda cha kahawa kilichopo Bukoba mjini.

Sasa fikiri juu ya butura. Ada ya shule inadaiwa, mtu anauza kahawa changa ikiwa bado mtini, tena kwa bei ya njaa. Mlanguzi huja na haraka yake, akachuma mbichi na mbivu pamoja na kuvunja matawi. Mwenye kibanja amepata hasara, na jirani yake pia, kwa sababu ghala na gari la chama hugharimu karibu sawasawa, yaje magunia mia au hamsini. Butura imekatazwa, lakini katazo halilipi ada. Afadhali uuze mikungu ya ndizi, au uulize mapema kama chama chako kina mfuko wa kukopesha.

Gunia moja lenye ukungu huharibu shehena ya wote. Chuma nyekundu tu. Anika juu ya kichanja au turubai, si juu ya udongo. Ikikauka vema, ukitikisa utasikia buni zikilia ndani ya maganda.

Ukipima, soma mizani mwenyewe na uchukue stakabadhi. Katika mkutano mkuu wa mwaka dai kusomewa hesabu zilizokaguliwa, na uulize ni shilingi ngapi za kila kilo zilikwenda kwa gari, kwa magunia na kwa posho za safari. Katibu akikujibu kwa jumla tu, uliza tena.